Daktari Kanikataza Kusema

Alkhamis. Joto la leo halina haya. Asubuhi lilipita wingu moja juu ya uwanja wa ndege, watu wa Kiembe Samaki tukatoka nje kulitazama, nalo likaenda zake kunyesha kwengine. Sasa ni baada ya laasiri. Nimekaa barazani na kompyuta mapajani, feni inapuliza moto, na mimi nna furaha ambayo sijui niiweke wapi. Naiweka hapa.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: mimi ni Nasra, nnafundisha fizikia kwenye chuo kimoja cha ualimu hapa Unguja. Wanafunzi wangu wanasomea diploma, na muhula ujao watakwenda maskulini kufanya mazoezi ya kufundisha. Yaani ninachowaambia mimi darasani, kesho wao watawaambia watoto wa watu.

Yote haya yalianzia kooni mwangu.

Tangu mwaka uanze sauti yangu ilikuwa ikikwaruza. Nilikunywa tangawizi, nikanywa ndimu ya moto, nikalamba asali mpaka ikanichusha. Nikaendelea kufundisha. Darasa langu ni kubwa, mapangaboi yake yanalia, madirisha yanatazama barabarani, na mimi nna tabia kwamba somo likininogea napandisha sauti. Nikifika kwenye umeme huwa kama dalali wa mnada wa samaki.

Basi siku moja, katikati ya kipindi, ikakatika. Nilifungua mdomo ikatoka hewa tupu. Wanafunzi walicheka kidogo, wakidhani nafanya mzaha, halafu wakanyamaza wote kwa pamoja.

Nikaenda kwa daktari wa masikio na koo mjini. Alinipitisha kijibomba chembamba chenye kamera puani, akanigeuzia skrini na mimi nione. Nilitarajia kuogopa. Lakini kitu cha mwanzo kilichonijia kilikuwa udadisi: hivi ni hizi tu? Nyuzi mbili ndogo, nyeupe, fupi kuliko ukucha, ndizo zinazonilisha miaka yote hii? Na kila uzi una kinundu katikati, kama sugu ya mkono wa mtu anayeshika jembe.

"Unafanya kazi gani?" akaniuliza.

Nikamwandikia kwenye simu: mwalimu.

"Basi sikuulizi zaidi," akasema. "Wiki mbili usiseme neno. Hata kunong'ona usinong'one, kunazichosha vilevile. Ukiendelea kama ulivyo itabidi upasuliwe, na hapo sikuahidi kuwa sauti itarudi hii hii."

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za nje nikalia. Kulia bila sauti ni jambo la ajabu. Unalia, na unajitazama unavyolia.

Nikiwa mkweli, sikulilia kazi. Huwa nasoma Kurani kwa sauti kila baada ya sala ya alfajiri, tangu utotoni, na pale ngazini nikajiona kesho yake nasoma kwa macho tu, kama nasoma ya mtu mwengine. Nililia kwa sababu sikujua bila sauti mimi ni nani.

Nyumbani mume wangu, Seif, ndiye aliyepokea simu ya mama. "Hawezi kusema, mama. Daktari kamkataza." Nikamsikia mama kwa mbali: "Nasra huyu huyu? Wiki mbili? Hebu niulizie huyo daktari, nna mashoga zangu nataka niwapeleke." Seif alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilimpiga na mto.

Sasa, chuoni. Tuna mkuu mpya wa idara, Bi Zuwena. Alipokuja alianzisha kitu kinachoitwa kikao cha Jumatano. Baada ya adhuhuri walimu wa idara tunakaa pamoja, kuna kahawa na visheti, na tunazungumza juu ya ufundishaji wetu na hali zetu wenyewe. Hakuna mgeni kutoka Dar mwenye projekta, hakuna cheti, hakuna posho. Sharti lake ni kwamba hakuna anayemkaripia mwenzake.

Kusema kweli wengi wetu tulikwenda kwa ajili ya visheti. Wiki moja Bi Zuwena alitufundisha namna ya kupumua kabla ya kuingia darasani. Maalim Khatib akainuka akasema, "Mie nimeanza kufundisha wengine humu hawajazaliwa. Leo nije nifundishwe kuvuta pumzi?" Akachukua kisheti akatoka.

Maalim Khatib anafundisha hisabati, na amebakisha kidogo kustaafu. Nimjulishe vizuri, maana habari hii ni yake kuliko yangu. Alinifundisha mimi mwenyewe nilipokuwa skuli. Mrefu, kanzu yake haina mkunjo, chaki yake anaikata nusu kabla hajaanza kuandika. Chuoni wanafunzi wanamwogopa. Anajulikana kwa jambo moja: hapokei maswali. Mwanafunzi akinyoosha mkono anasema, "Sikiliza mpaka mwisho, utaelewa," na mwisho ukifika ameshatoka.

Nilipomwonesha Bi Zuwena cheti cha daktari, nilidhani atafuta vipindi vyangu. Akanitazama.

"Unaweza kusimama?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Kuandika ubaoni?"

Nikakubali tena.

"Basi jaribu. Nitakutafutia mtu akae na wewe, ukikwama awe sauti yako." Halafu akaongeza, kama anayejisemea, "Nataka sana kujua itakuwaje."

Na aliyekuwa hana kipindi saa ile alikuwa Maalim Khatib.

Nilimwamkia kwa kuweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa. "Marahaba," akajibu, "na leo ndiyo umepata adabu." Tukaingia.

Nilikuwa nimeandaa saketi ndogo mezani: betri, swichi, waya, na glopu mbili zinazofanana, zimefungwa moja baada ya nyengine kwenye njia moja. Mada hii nimeshawafundisha. Niliwaeleza kwa sauti yangu yote, wakaandika, kwenye jaribio karibu wote wakapata. Nilichotaka ni marudio tu, kitu chepesi cha mwalimu asiye na sauti. Nikaandika ubaoni: Nikiwasha, ipi itawaka zaidi? Ya kwanza, ya pili, au sawasawa?

Nikanyoosha kidole kwenye "ya kwanza". Mikono ikainuka kama msitu.

Nilidhani hawakunielewa. Nikapiga mstari chini ya swali, nikanyoosha kidole tena. Mikono ile ile. Ya pili, hakuna mtu. Sawasawa, mikono michache, nayo inaangalia majirani kabla ya kupanda.

Hapo ningekuwa na sauti ningesema. Najijua. Ningesema, "Jamani, si tulisoma?" na ningeeleza upya, na wangeitikia naam mwalimu, na tungeendelea.

Sikuwa nayo. Nikabonyeza swichi.

Glopu zote mbili zikawaka mwanga mmoja, hafifu, sawasawa.

 Kisha kijana mmoja, Haji, akasema kutoka upande wa mlango, "Glopu ya kwanza ni mbovu. Zibadilisheni." Nikazibadilisha. Sawasawa. "Basi umeme unakuja pande zote mbili," akasema Haji. Mwengine akamwambia hilo haliwezekani. Mtu akaja mbele akageuza betri. Sawasawa. Wakaanza kubishana, na si kwa zamu.

Mimi nimesimama na chaki mkononi, sina la kufanya ila kutazama. Na nikaona jambo ambalo sijawahi kuliona: wanafunzi wangu karibu wote wanaamini kwamba umeme ni kama mchuzi, glopu ya kwanza inachota, ya pili inapata makombo. Waliamini hivyo kabla sijawafundisha, wakaamini hivyo nilipokuwa nawafundisha, na wakajibu jaribio langu sawasawa huku wakiamini hivyo hivyo.

Na muhula ujao wanakwenda kufundisha.

Maalim Khatib hakuweza kuvumilia. Akainuka, "Sasa sikilizeni, mkondo ni..." Nikaweka kidole mdomoni mwangu kumnyamazisha. Mwalimu wangu! Macho yakamtoka. Nikafanya ishara ya tafadhali. Akakaa taratibu.

Ndipo aliposema Raya. Raya ni msichana wa Matemwe, anakaa dirishani, na tangu aje chuoni sijawahi kusikia sauti yake isipokuwa wakati wa kuita majina. Akasema, "Mbona nyinyi mnazungumza kama umeme unafika kisha unaliwa? Baiskeli, mnyororo wake unapungua ukipita kwenye meno? Wote unakwenda pamoja. Ukiongeza kazi, wote unakwenda pole." Halafu akajificha nyuma ya mtandio kama aliyetukana mtu.

Darasa zima lilimgeukia. Haji akapiga meza, "Wallahi kweli!" Wakacheka, wakaanza kumuuliza maswali yeye.

Katika vurumai ile mimi nilikuwa namtazama Maalim Khatib. Alikaa mbele, ubavu wake wa kushoto ukielekea dirishani. Raya aliposema, kila kichwa kiligeuka isipokuwa chake. Aliendelea kumtazama Haji. Haji aliposema lake, Maalim akatabasamu papo hapo. Raya akajibu swali jengine, nalo lilikuwa la kuchekesha, watu wakacheka, Maalim akacheka nao kwa kuchelewa, akiwatazama nyuso.

Tulipotoka koridoni akaniinamia. "Yule msichana wa dirishani alisema nini hasa?"

Nikamwandikia kwenye simu maneno ya Raya yote. Akasoma, akarudisha simu. "Hodari," akasema, akaenda zake.

Nilibaki pale. Nikamkumbuka Maalim Khatib wa skuli. Yule alikuwa akituita mmoja mmoja twende ubaoni na kubishana na sisi mpaka kengele ilie na baada ya kengele. Alikuwa akisema mwanafunzi asiyeuliza amekuja kupumzika. Aliacha lini kupokea maswali? Mtu anabadilika hivyo kwa nini?

Sikumwambia mtu. Si kwa uungwana tu. Sikuwa na sauti ya kuambia.

Jumatano ya wiki hii Bi Zuwena aliniomba nielezee kikaoni yaliyotokea. Daktari alikuwa ameshanitazama tena. Vinundu vimepungua, ameniruhusu maneno machache kwa siku, kwa sauti ya chini, bila kushindana na kelele. Wenzangu wakakaa karibu ili wanisikie. Nikawaeleza habari za glopu mbili na mnyororo wa baiskeli. Nikasema kwamba kilichoniuma si kukosa sauti, ni kugundua nilivyokuwa nikiitumia.

Kisha Bi Zuwena akauliza swali dogo tu. "Kuna mwengine ambaye mwili wake umeanza kumbadilishia ufundishaji?"

Mmoja akataja mgongo. Mwengine akasema miguu inamvimba, ndiyo maana siku hizi anawaacha wanafunzi wanakili kwenye vitabu. Tukacheka kidogo, kwa kuwa sote tulikuwa tunadhani ni mvivu. Aliyesema hivyo alicheka pia, lakini macho yake yalikuwa na maji.

Maalim Khatib alikuwa amekuja. Alikaa karibu na mlango kama mtu anayepita tu, kikombe cha kahawa kwenye goti. Akakohoa.

"Mie sikatazi maswali kwa kiburi," akasema.

Akasogeza kiti chake ndani kidogo.

"Sisikii. Sikio la kushoto limekufa siku nyingi, na hili jengine linasikia likitaka. Mwanafunzi akiuliza kutoka nyuma, mie naona mdomo unacheza. Mara ya kwanza nilimjibu kitu ambacho hakukiuliza. Darasa likacheka. Mara ya pili hivyo hivyo. Nikasema khalas, hakuna maswali." Akakizungusha kikombe. "Bora waniite mkali kuliko waniite kiziwi."



Nilichokiogopa ni kwamba mtu atamwonea huruma kwa sauti. Au atataja kustaafu. Bi Zuwena hakufanya lolote kati ya hayo. Alimsogelea, akakaa upande wake wa kulia, akasema kama anavyomuuliza mtu chai anaitaka na sukari au bila, "Maalim, ungependa tufanye nini?"

Maalim Khatib akakishusha kikombe sakafuni.

"Sijui," akasema. "Sijawahi kuulizwa."

Tuliinuka bila kufunga kikao. Koridoni akaniita, nikamwitikia naam kwa sauti yangu mpya ya kukwaruza. Akaniambia, "Kesho nna kipindi asubuhi. Njoo ukae nyuma. Na wewe usiseme kitu."

Nikalala na kuamka nikijiuliza anakusudia nini.

Basi leo asubuhi nilikaa nyuma ya darasa la Maalim Khatib, mimi mtu mzima, nimebana miguu chini ya meza kama nilivyokuwa skuli. Aliingia, akakata chaki nusu, akageuka ubaoni. Akasimama hivyo, mgongo kwetu, kwa muda. Nikaona mabega yake yakipanda na kushuka. Alikuwa anavuta pumzi, wallahi, vile vile Bi Zuwena alivyotufundisha!

Akageuka.

"Nna jambo la kukwambieni," akasema. "Sikio langu hili halisikii." Akaligusa. "Hili linasikia kidogo. Kwa hivyo mwenye swali asinyooshe mkono akiwa huko. Aje huku, aseme pole pole, nimwone uso. Nikijibu kitu ambacho hukuuliza, niambie. Mkitaka kucheka, chekeni, lakini niambieni."

Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyesogea pia.  Nilimwona akitafuta chaki mezani ilhali chaki anayo mkononi.

Kisha kiti kimoja kikakwaruza sakafu. Msichana mmoja alinyanyua kiti chake, akakibeba, akakiweka upande wa kulia wa meza ya mwalimu. Akakaa. Halafu kijana wa mstari wa mbele. Halafu wawili kwa pamoja. Halafu darasa zima likainuka, viti vinagongana, mikoba inaanguka, mtu anasema nipishe, mwengine anasema usinikanyage, na mwisho wake nusu ya chumba ikawa tupu na nusu ya pili imejaa watu waliobanana kama harusini. Mimi peke yangu nikabaki nyuma upande mbaya, kama niliyesahauliwa.

Maalim Khatib alikuwa ameshika ukingo wa meza.

Msichana yule wa kwanza akainuka. Akasema taratibu, akimtazama usoni, "Maalim, nna swali la zamani. Hasi mara hasi, kwa nini inakuwa chanya? Skuli tuliambiwa tukariri. Hapa pia tunakariri. Lakini kwa nini?"

Wenzake wakamtazama kwa hofu. Swali la darasa la watoto, mbele ya Maalim Khatib!

Yeye akainamisha kichwa, sikio la kulia mbele. "Rudia."

Akarudia.

Katika miaka yote niliyomjua sijawahi kumwona amekaa darasani. Leo alivuta kiti, akakiweka katikati yao, akakaa. Akaikunja kanzu magotini. Uso wake ulikuwa ule wa zamani, wa kubishana baada ya kengele.

"Hebu niambie kwanza," akasema, "wewe mwenyewe unaionaje?"

Nilikuwa na kipindi changu, ilibidi nitoke. Nikapita ukutani kimya kimya nikarudisha mlango. Nikiwa koridoni nikasikia darasa linacheka, na kicheko kilichokuwa juu ya vyote kilikuwa chake. Hakikuchelewa.

Sikusikia alivyojibu. Na nimekaa hapa barazani tangu laasiri, mwalimu wa fizikia, najaribu kujieleza mwenyewe kwa nini hasi mara hasi ni chanya, na wallahi siwezi.

Asubuhi nitamfuata, nikae upande wa kulia, nimuulize.